Macho Hutoka Kabla ya Mdomo

Printa yetu ilikuwa ikimtoa mtu kuanzia nywele. Karatasi ilivutwa ndani, ikasita kidogo, kisha kile kisanduku cha wino kikaanza kwenda kushoto na kulia kikikwaruza, na kila kilipopita kiliacha mstari mwembamba wa mtu. Kilemba, au nywele. Paji la uso. Nyusi. Halafu macho. Macho hutoka kabla ya mdomo, na kwa picha kubwa palikuwa na muda mrefu kati ya hivyo viwili. Katika muda huo mtu yuko mezani kwako, anakutazama, na hana cha kusemea. Sikuwahi kuuzoea muda ule. Nilikuwa naondoka kwenda kutazama nje, nikirudi namkuta ameshapata kidevu.

Mashine ilikuwa ya baba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha ushirika cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Soko lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na malori yao, kinu kikapunguza watu, na mwisho kikafungwa kabisa. Wenzake walichukua kiinua mgongo chao wakanunua ng'ombe. Baba alikwenda Mwanza, akarudi na kompyuta iliyotumika, skana ndogo, na printa ya wino, vyote amevifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Mama alivizunguka vile vitu mezani, akauliza, "Na huyu anakamuliwa wapi?"

Vidole vya baba vilikuwa vinene, vikibonyeza herufi mbili kwa mara moja, kwa hiyo kazi ikanishukia mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Nilikuwa msichana wa haya sana. Mteja akiniuliza jambo nilikuwa naijibu kibodi. Nilikuwa naandika polepole, na hadi leo naandika polepole, hata haya ninayoandika sasa. Baba aliwaambia wateja, "Msimharakishe huyo, anapanda mbegu moja moja." Walicheka, wakasubiri.

Tulichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na ratiba za mazishi. Lakini kazi iliyotujulisha kwa watu ilikuwa kukuza picha. Watu wa vijijini walikuwa na picha ndogo walizopigwa zamani na wapiga picha wa kutembea, zimeliwa na mchwa pembeni, zimefungwa kwenye mfuko pamoja na kadi za kliniki. Niliziweka kwenye skana, nikamchagua mtu anayetakiwa, nikamtoa mkubwa wa kutosha kutundikwa.

Shida ilikuwa umeme. Ulikatika wakati wowote, na mtu aliyekuwa njiani kutoka alibaki hapo hapo, nusu ndani ya mashine, nusu nje. Ukirudi, printa iliamka yenyewe. Hata kama hapakuwa na mtu chumbani, tuliisikia kutoka uani ikinguruma, ikipeleka kile kisanduku huku na huku kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha ikaitema ile karatasi. Nusu za watu zilikuwa nyingi. Niliwahi kutaka kuwashia jiko, mama akanipokonya mkononi.

"Uso wa mtu hauchomwi," alisema.

"Ni karatasi, mama."

"Basi anza na wa kwako."

Nikawa naziweka kwenye katoni ya sabuni chini ya meza. Nyingi ziliishia machoni.

Shida ya pili ilikuwa wino. Katriji mpya zilitoka Mwanza na zilikuwa ghali, kwa hiyo tulijaza zile za zamani kwa bomba la sindano. Katriji ya rangi ina matundu matatu, la bluu, la nyekundu na la njano. Ukikosea kidogo tundu moja huingia hewa, au wino hukauka mdomoni, na rangi ile haitoki tena. Rangi nyingine hutoka kama kawaida na mashine haikuambii lolote. Inaendelea kuchapa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa asubuhi, baada ya msimu wa kuuza pamba. Alikuja mwanamume wa makamo kutoka upande wa Sapiwi pamoja na mama yake. Pamba yake ilikuwa imekubali mwaka ule, na wanunuzi walikuwa wamegombaniana, kwa hiyo alikuwa amemaliza nyumba ya bati. Sasa alitaka picha ya mama yake iwe kitu cha kwanza mgeni anachokiona akiingia. Alisema hivyo mwenyewe. Alimwita mayu, kama wote tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," yule bibi alisalimia kutoka mlangoni. Alikuwa mfupi, miguuni viatu vya mpira, kichwani kilemba cha bluu kilichofifia. Baba alimwitikia akampa kiti, kisha akatoka kwenda sokoni.

Mwanawe alitoa picha. Ilikuwa ya familia nzima. Yeye na mkewe, wadogo zake wawili, watoto, na bibi katikati juu ya kigoda, amevaa kilemba kile kile, wakati huo bado kipya.

"Namtaka mayu peke yake," alisema. "Hawa wengine wabaki humo."

"Unanitoa kwa watu unanipeleka wapi?" bibi aliuliza.

"Ukutani, mayu. Sebuleni."

"Na ukutani nitakaa na nani?"

"Na kalenda."

Bibi alicheka bila sauti. Kisha akasogea mezani, akaigusa printa kwa kidole kimoja. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "huyu mnyama anakula nini?"

"Wino, bibi," nikaiambia kibodi.

"Wino tu?"

"Na karatasi."

"Basi hana makuu. Nyumbani nina mkwe anachagua kuliko huyu."

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, kwa sababu si kawaida yangu mbele ya wageni.

Umeme ulikatika mara moja, ukarudi. Nje pikapu waliyokuja nayo ilikuwa inapiga honi. Nilianza upya. Kilemba kilianza kutoka, na nikaona mara moja kwamba kilikuwa kinatoka na rangi ya waridi. Bluu haikuwa inatoka. Nilijua. Niseme wazi hapa kwamba nilijua wakati ule ule, kilemba kikiwa bado nusu. Ilinipasa kuzuia mashine na kusema, subirini nisafishe, au njooni kesho. Maneno yenyewe si mengi. Lakini dereva alipiga honi tena, yule mwanamume alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na mimi sikuwahi kumwambia mtu mzima asubiri. Paji la uso likatoka jekundu kama udongo wa kichuguu. Kisha yakatoka macho, na pale panapopaswa kuwa peupe palikuwa pekundu.

Sikutoka nje safari ile. Nilibaki nikiyatazama hadi mdomo ulipofika.

"Imekolea," mwanawe alisema kwa furaha. "Mayu, tazama, umekuwa msichana."

Bibi aliishika karatasi mbali, kisha akaileta karibu. "Huyu anaonekana amelia," alisema. Akanitazama mimi. Nilikuwa nakunja mfuko wa kuwekea, na niliendelea kuukunja.

Wakaondoka.

Anayesoma haya akiwa mbali anaweza kujiuliza picha mbaya ina ubaya gani zaidi ya kuwa mbaya. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee hayasemwi kwa sauti. Wapo wanaoamini kwamba ndiyo alama ya mchawi. Mwanamke akishazeeka, ng'ombe wakifa, mtoto akiugua, kuna mtu huanza kumtazama machoni. Wakati ule ninaouandika, bibi mmoja wa kijiji ambacho sitakitaja alikutwa asubuhi mlangoni kwake amekatwakatwa, na mazishi yake yalikuwa na watu wachache. Mimi nililijua jambo hilo nilipokuwa nakunja ule mfuko.

Wiki kadhaa zilipita. Kulikuwa na mama aliyetuletea maziwa kwa baiskeli kutoka upande ule ule wa Sapiwi. Siku moja alimimina maziwa, akafunga dumu lake, lakini hakuondoka.

"Ile picha mliyomtolea bwana wa nyumba ya bati," aliuliza, "mliipata wapi?"

"Alikuja nayo," mama alijibu. "Huyu akaikuza."

"Mh." Akanitazama. "Ndama wawili wamekufa pale. Halafu mtoto mdogo wa yule bwana akashikwa na degedege, ameanguka chini ya picha, chini yake kabisa. Watoto wanasema ukipita sebuleni inakufuata. Wameigeuza ikatazama ukuta. Wanasema asubuhi wanaikuta imegeuka."

"Ni upepo," mama alisema.

"Nyumba ina madirisha ya vioo, dada."

"Na bibi mwenyewe?"

"Wamempa chumba cha nyuma kule kwa ndama. Anapika peke yake, anakula peke yake. Mkwe wake alikwenda kwa mganga, na mganga hakumuuliza mengi. Alimuuliza tu, nyumbani kwenu nani ana macho? Jumapili wana kikao." Alipanda baiskeli yake. "Baada ya kikao, vijana wa pale siwajui watafanya nini."

Mama aliingia jikoni akaanza kuchochea moto. Tulikuwa tunapikia mabua ya pamba, na yakiisha, samadi kavu, kama nyumba nyingi za huku kusikokuwa na kuni. Moshi ulikuwa umejaa hadi mlangoni.

Nilimweleza baba yote, hata honi ya pikapu. Niliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuongea naye. Hakunigombeza. Alikwenda stendi akamwagiza kondakta wa basi katriji mpya kutoka Mwanza. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Tungechapa picha nzuri, yenye rangi zote, tukampelekea yule bwana na kuomba radhi, na jambo lingeisha.

Katriji ilifika Ijumaa. Picha bado ilikuwa kwenye kompyuta. Niliiweka karatasi bora tuliyokuwa nayo, ile ya kung'aa, nikakaa kusubiri. Kilemba kilitoka bluu kama anga la asubuhi. Paji la uso likatoka kahawia, la mtu kabisa, na mikunjo yake. Nilishusha pumzi. Kisha yakatoka macho.

Yalikuwa mekundu.

Hayakuwa mekundu kama ya kwanza. Yalikuwa na wekundu wa kweli, pembeni, wenye vishipa vidogo. Nilimwita baba. Alileta kile kioo cha kukuzia alichokuwa akitazamia nyuzi za pamba kazini, akaiinamia ile picha ya familia kwenye skrini ya kompyuta. Aliwatazama wote waliokuwa kwenye ile familia, mmoja mmoja, akarudi kwa bibi. Akanipa kioo. Watoto walikuwa na macho meupe. Mkwe, meupe. Yule bwana, meupe. Bibi peke yake, juu ya kigoda, alikuwa na macho mekundu, kama mtu yeyote aliyepuliza moto wa samadi miaka hamsini.

"Hii usiitoe," baba alisema.

"Lakini ndiyo nzuri."

"Ndiyo nzuri. Ndiyo maana."

Wakati huo mama aliingia na chai. Aliinama kuweka vikombe, na uso wake ukawa karibu na wangu, chini ya mwanga wa dirisha. Nilikuwa nimemwona kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kumtazama macho. Niliinamisha kichwa haraka. Aliuliza kwa nini sinywi.

Jumamosi mchana nilifanya kitu ambacho sikumwuliza mtu. Nilitoa katriji mpya, nikarudisha ile mbovu. Nilirudi kwenye picha ya familia, nikamchagua yule bwana. Akatoka na ngozi ya udongo na macho mekundu. Nikamchagua mkewe. Nikamchagua mdogo wake mmoja, kisha wa pili, kisha watoto, hata yule aliyeanguka. Nyumba nzima ilitoka mmoja baada ya mwingine, ikinitazama bila midomo, ikipata midomo, ikilala mezani kukauka. Mwisho nilitafuta picha yangu mwenyewe, niliyopigwa nilipomaliza shule. Nilipoiona inatoka nilijiona kama nitakavyoonekana nikizeeka.

Picha nzuri ya bibi niliitia ndani ya bahasha tofauti. Sijui kwa nini niliibeba. Labda niliogopa kuiacha nyumbani.

Jumapili baba alinipakia kwenye baiskeli hadi Sapiwi. Boma lile lilikuwa limezungukwa na ua wa minyaa. Kwa kawaida ukiingia kwenye boma la Wasukuma salamu hukupokea kabla hujashuka. Siku ile tulisalimia, na sauti yetu ikabaki pale pale uani. Watu walikuwa wamekaa kivulini mwa nyumba ya bati, wanaume kwenye viti, wanawake chini. Bibi alikuwa amekaa peke yake karibu na zizi la ndama, nje ya kivuli, kwenye kigoda. Alivaa kilemba chake cha bluu. Hapakuwa na kuku hata mmoja karibu yake, na nakumbuka nilifikiri kwamba hata kuku wameambiwa.

Balozi wa nyumba kumi, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyeongoza kikao. Baba alianza kueleza. Alisema mashine, alisema wino, alisema kinu cha ushirika, akapotea. Balozi alimwinulia mkono.

"Nani aliitoa hiyo picha?"

"Binti yangu."

"Basi aseme yeye. Picha kwanza."

Kijana mmoja aliingia ndani akatoka na ile picha. Aliishika kwa pembe mbili, akaiweka chini mbele ya balozi. Mtu alikuwa ameyatoboa macho. Matundu mawili madogo, ya mwiba au sindano, yamepita hadi upande wa pili, na jua lililopita ndani yake liliweka nukta mbili za mwanga kwenye vumbi. Yule bwana mwenye nyumba aligeuza uso. Nilimwona, na nikajua si yeye aliyetoboa, na kwamba hakuwa amejua.

Nilisimama. Sikuwa na kibodi ya kuitazama. Kwa hiyo nilimtazama bibi.

"Bibi," nilimwuliza, "siku ya picha hiyo ndogo, ulivaa kilemba gani?"

Aligusa kichwa chake. "Hiki."

"Rangi yake?"

"Wewe huoni?" Watu wawili watatu waliguna, na mmoja akacheka kidogo puani.

"Bluu," nikasema. "Na kwenye picha hiyo kubwa ni rangi gani?"

Balozi aliinama. Yule bwana pia aliinama. Kilemba kwenye picha kilikuwa cha waridi, na walikuwa wameishi nacho ukutani wiki nyingi bila kukiona, kwa sababu walikuwa wanatazama mahali pengine.

"Bluu ilikauka kwenye mashine," nilisema. "Ikikauka, kila kitu kinabaki chekundu. Niliona siku ile ile, nikaona haya kusema. Kosa ni langu."

"Maneno," mkwe wa bibi alisema. Alikuwa amempakata mtoto. Mtoto alikuwa hai, lakini mguu wake mmoja ulining'inia vibaya.

Nikafungua bahasha. Nilizipanga picha chini moja moja, nikaweka kokoto juu ya kila moja ili upepo usizichukue. Kwanza bwana mwenye nyumba. Kisha wadogo zake. Kisha watoto. Polepole, kama ninavyoandika. Kadiri zilivyoongezeka watu walianza kurudisha miguu nyuma. Nilipoweka ya mkwe, alimfunika mtoto macho kwa mkono.

"Kwa hiyo ni nyumba nzima," mzee mmoja alisema, na sikujua kama anafanya mzaha.

Hofu ilinishika. Niliona kwamba naweza kuwa nimelichoma boma lote badala ya kumwokoa mmoja. Ndipo nikaweka picha ya mwisho, ya kwangu, mimi na sare ya shule na macho kama makaa.

"Na mimi," nilisema. "Tazameni picha, kisha mnitazame mimi."

Walinitazama. Wote, kwa muda mrefu, machoni. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na sikuinama.

Yule bwana alikuwa wa kwanza kusogea. Aliiokota picha yake mwenyewe, akaitazama, akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akamwambia taratibu, "Kaka, umekunywa gongo ya nani?" Vijana walicheka. Si wote, lakini kicheko kilikuwa cha watu wa kawaida.

Balozi hakucheka. "Binti," alisema, "mashine imepona?"

"Imepata wino mpya."

"Basi iko wapi picha ya bibi iliyo nzuri? Hiyo ndiyo ingemaliza maneno."

Bahasha ya pili ilikuwa kwapani kwangu. Baba alikohoa. Bibi, kutoka kule juani, alikuwa ananitazama, na macho yake kwa mwanga ule yalikuwa kama yalivyokuwa. Nadhani alijua. Nadhani alijua tangu siku aliposema, huyu anaonekana amelia.

"Sijaichapa," nilisema.

"Unaweza kuapa kwamba ilikuwa rangi?"

"Naapa kwamba bluu ilikauka."

Hilo lilikuwa kweli. Balozi alilipokea, akalizungusha mdomoni, akamgeukia mwenye nyumba. Yule bwana aliiokota picha iliyotobolewa, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Kisha alivuka ua hadi kwa mama yake, akamwinua kwa mkono, akachukua kigoda chake, akakileta kivulini. Mkwe alisogeza miguu yake kumpisha, na hakumtazama.

"Mayu," yule bwana alisema, "leo utakula ndani."

"Nani amepika?" bibi aliuliza.

Tulirudi Bariadi jua likiwa bado juu. Njiani baba aliniambia niitupe ile bahasha. Sikuitupa, na mama hakuniruhusu kuichoma. Iko kwenye katoni ya sabuni pamoja na wale waliokatwa na umeme. Humo ni bibi peke yake aliye mzima.

Bibi aliishi. Yule mama wa maziwa alituambia alirudishiwa chumba chake, ingawa mkwe wake hakuacha kufunika chungu anapopita. Mtoto alitembea, akichechemea. Ndama wengine walikufa mwaka uliofuata, wa jirani pia, na bwana mifugo akaja akawachoma sindano.

Ilipita miaka michache. Siku moja yule bwana alisimama mlangoni akiwa amenyoa kichwa. Alisema mayu amefariki, kitandani, kwa uzee. Alitaka picha ya kuweka msalabani. Alikuwa na ile ile ndogo, sasa imeliwa zaidi pembeni.

"Nyeusi na nyeupe," alisema kabla sijauliza.

Niliduwaa. Siku zile zote, na katriji zile zote, na kokoto zile, wala sikuwahi kufikiria kwamba mashine inaweza kuchapa kwa wino mweusi peke yake. Yeye alikuwa amelifikiria. Nilijiuliza ni tangu lini, na kama alikuwa amelifikiria akiwa na ile picha ndogo mkononi, chini ya mwanga mzuri.

Nilibonyeza. Karatasi ikavutwa, ikasita. Kilemba kilianza kutoka, cha kijivu. Likafuata paji la uso. Nikageukia dirishani, kama zamani, na nikaona kwamba yeye pia amegeukia dirishani. Tulisimama hivyo, bega kwa bega, tukitazama barabara, tukiisikiliza mashine ikikwaruza. Hatukugeuka mpaka tulipokuwa na hakika kwamba mdomo umetoka.